Siku Tatu Bila Mama Mihuri

Fomu kumi na moja zilirudi mezani kwa Mkuu wa Idara, na zote kumi na moja zilikuwa na ugonjwa mmoja.

Fomu zenyewe zilitoka utawala. Mwaka uliopita mvua zilifunga chuo siku tisa, na idara moja, ambayo hatutaisema kwa sababu wenyewe wanajijua, ilikaa wiki mbili bila kujua matokeo ya mitihani yako wapi, maana mtu pekee aliyejua alikuwa ng'ambo ya mto anakula samaki. Utawala ukashtuka. Kila idara ikaambiwa iandike mpango: yakija mafuriko, ukija mgomo, yakija maradhi, umeme ukigoma, kazi zipi haziwezi kusimama, na nani atazishika? Swali la mwisho la fomu lilikuwa hili: "Usipokuwepo, nani atafanya kazi yako?"

Wahadhiri wanane, mratibu wa mitihani, fundi wa maabara na mtunza bustani, kila mtu chumbani kwake, bila kuulizana, waliandika jibu lile lile. Mama Mihuri.

Fomu ya kumi na mbili ilikuwa ya Mama Mihuri mwenyewe. Penye swali lile aliandika neno moja tu: Mungu.

Mkuu wa Idara alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena kama vile neno lingebadilika.

"Mama, Mungu hana kadi ya kuingilia getini."

"Hahitaji, Daktari. Askari wa pale getini mwenyewe husinzia."

Mama Mihuri alikuwa katibu muhtasi wa Idara ya Mimea, mwaka wa ishirini na saba sasa. Jina lilitokana na mihuri mitano aliyoifungia kwenye droo ya kulia, na ufunguo wa droo akauning'iniza mahali ambapo mwanamume yeyote mwenye adabu asingepeleka mkono. Alikuwa mfupi, mnene wa wastani, na macho yake yalikuwa yanacheka kabla ya mdomo. Wakuu sita wa idara walikuja wakaondoka, yeye akabaki, kama kabati la chuma lililopo nyuma ya mlango ambalo hakuna aliyewahi kujua liliingiaje.

Huyu mkuu wa saba alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake. Alikuja pale mara ya kwanza akiwa mwanafunzi, siku ya kujiandikisha, akaanguka kwenye foleni kwa njaa. Mama Mihuri alimkalisha chini, akampa chai ya maziwa na mkate wenye siagi pande mbili, akamwambia, "Kula. Elimu haikimbii, imekaa hapa tangu zamani." Tangu siku hiyo, mbele ya watu alimwita Daktari, na mlango ukifungwa alimwita mwanangu.

Sasa mlango ulikuwa umefungwa.

"Mwanangu, kuna jambo," alisema Mama Mihuri, akatoa kwenye mkoba fomu nyingine, ya likizo. "Binti yangu, dada yako, anajifungua mwezi ujao. Mimba ya kwanza. Yuko mbali, mumewe ni mtu wa safari, na kila akinipigia simu analia halafu anasema ni mafua. Nataka miezi miwili."

Mkuu alisoma fomu. Hakuwahi kuona fomu ya likizo yenye jina lile. Katika miaka ishirini na saba Mama Mihuri hakuwahi kukosekana zaidi ya siku mbili, na hizo mbili alikuwa amezika mama yake.

"Mimi ningekupa hata leo," alisema. "Lakini ofisi ya utumishi wamesema wazi: zaidi ya wiki mbili haitolewi kama hakuna wa kushika nafasi. Wataomba mpango wetu. Nikiwapelekea huu," akagusa zile fomu kumi na moja, "watasema tukikuachia uende, idara ifungwe."

"Si ndiyo hapo," alisema Mama Mihuri, na ingawa alikuwa anataka likizo kwa moyo wote, kifua kilimpanda kidogo kwa raha. Mtu akiambiwa nyumba itaanguka akitoka, hata kama anataka kutoka, hutabasamu kwanza.

Wakapatana hivi. Mama Mihuri ataandika daftari la kila kitu anachokijua. Halafu atakaa nyumbani siku tatu, Jumanne hadi Alhamisi, wiki ya majaribio ya wanafunzi wa mwaka wa pili. Haruhusiwi kuja. Haruhusiwi kupokea simu ya idara. Idara ikivuka siku hizo tatu, Mkuu atasaini kuwa nafasi ina wa kuishika, na likizo itatoka. Wakishindwa, basi.

"Kwa hiyo balaa la kujaribia ni mimi," alisema Mama Mihuri.

"Wengine wameweka mafuriko. Sisi tumekuweka wewe."

Aliandika siku nane. Daftari lilikuwa kubwa, jalada jeusi, na mwandiko wake ulikuwa wa duara, ule uliofundishwa kwa fimbo. Aliandika kwamba sanduku la mitihani lina funguo mbili, mmoja kwa Mkuu na mmoja kwa mratibu wa mitihani, na kwamba wa mratibu asiulizwe mratibu kwa sababu huwa hajui, uko ndani ya kiatu cha mvua nyuma ya kabati lake. Aliandika kwamba mashine ya fotokopi ikikwama isipigwe. Izimwe, isubiriwe muda wa kusimulia jambo moja la jirani, iwashwe. Aliandika mwanafunzi yupi hupoteza kitambulisho kila muhula na kitambulisho hicho hupatikana mfuko gani. Kuhusu birika la chai aliandika ukurasa mzima.

Kuhusu majirani aliandika pia. "Watu wa Wadudu," aliandika, akimaanisha Idara ya Wadudu iliyokuwa jengo la pili, "hatusemeshani nao mwaka wa sita kwa ajili ya ngazi waliyoazima. Ngazi wanayo. Lakini wana friza inayotumia umeme wa jua. Mkuu wao ana hasira ila anampenda mama yake mzazi. Muulizeni kwanza mguu wa mama unaendeleaje, mumwache amalize, ndipo muombe mnachotaka." Hilo aliliandika kwa kupitisha muda tu, kalamu ilikuwa bado na wino.

Kisha akafika kwenye jenereta.

Hapa inabidi tuseme ukweli. Chumba cha mwisho cha maabara kilikuwa na friza, na ndani ya friza mbegu za miaka thelathini, zimefungwa kwenye pakiti za karatasi ya rangi ya fedha, nyingine za mimea ambayo huko porini haionekani tena. Mbegu hizo ndizo zilizoifanya idara iitwe idara. Umeme ukikatika, friza, kwa kuwa mpira wa kifuniko chake ulishachoka, ilishika baridi kwa muda wa saa tano, basi. Jenereta ilikuwa kwenye kibanda nyuma ya jengo, na fundi aliyeifunga aliifunga koki ya mafuta kinyume. Ukitaka mafuta yapite, unaielekeza kwenye alama ya FUNGA. Ukiielekeza FUNGUA, unaweza kuhangaika mpaka jua lizame. Siku ile ya kuifunga, aliyekuwepo ni Mama Mihuri tu, amempelekea fundi chai. Fundi akahama mji. Na kuanzia hapo, kila umeme ulipokatika, Mama Mihuri alikuwa anachukua funguo, anakwenda nyuma peke yake, anafunga mlango wa kibanda, na jenereta inanguruma. Wahadhiri wenye shahada tatu tatu walimwangalia kama mganga. Kuna watu huficha dhahabu. Yeye alificha koki.

Kalamu ilisimama juu ya karatasi muda mrefu. Halafu akaandika: "Washa jenereta kama kawaida." Maneno manne. Akageuza ukurasa haraka, kama mtu aliyekanyaga kitu.

Jumanne, siku ya kwanza, aliamka alfajiri, akavaa nguo za kazini, akachukua mkoba. Mume wake, fundi cherehani aliyestaafu lakini bado akishona suruali za watu wasiotaka kumwacha apumzike, alikuwa mlangoni na mswaki.

"Unakwenda wapi na mkoba?"

"Jikoni."

"Jikoni hakuna foleni leo. Kalale."

Hakulala. Kufikia mchana alikuwa amepanga nyuzi za mumewe kwa rangi, kila boksi na karatasi yake, na vipimo vya wateja amevitia kwenye mafaili. Mzee alifungua boksi la uzi mweusi akakuta limeandikwa SIRI, akalifunga.

"Mke wangu, mimi nashona suruali. Siendeshi serikali."

Simu haikulia. Jioni haikulia. Jumatano, siku ya jaribio la mwaka wa pili, aliiweka simu juu ya meza, akaiweka kwenye dirisha, akaitoa nje kuona kama mtandao upo. Mtandao ulikuwepo. Binti yake alipiga kuuliza likizo imefikia wapi.

"Kesho jioni tutajua."

"Mama, wakikataa?"

"Wewe jali kula. Na hayo mafua yako yafute, nayasikia."

Alitaka sana waweze. Alitaka kuwa pale mtoto anapotoka, yeye na si mtu mwingine, amshike kabla hajajua dunia ina watu gani. Alitaka vile vile wapate tabu kidogo. Si tabu kubwa. Tabu ya kumfanya mtu aseme, "Kweli yule mama."

Alhamisi, saa nne asubuhi, redio ya mzee ilinyamaza katikati ya habari na feni ikapunguza mwendo, ikasimama.

Mama Mihuri alisimama nayo. Mtaa wao na chuo vilikula umeme kwenye waya mmoja.

"Umeme utarudi sasa hivi," alisema mzee, akivuta suruali kwenye cherehani ya miguu, ambayo haikujua hata kama umeme upo duniani.

Saa tano haukurudi. Saa sita kasoro simu ikalia. Ilikuwa namba ya fundi wa maabara, kijana wa zamani mwenye mvi sasa, aliyeitwa Kipimo kwa sababu hata sukari ya chai aliipima kwa mizani. Mama Mihuri alimwachia funguo zote za maabara, wa kibanda cha jenereta ukiwemo. Simu iliita mpaka ikachoka. Ikaita tena. Mara ya tatu ilikata katikati, na baada ya hapo ukaja ukimya ambao ulikuwa mbaya kuliko kuita.

"Ukipokea, likizo imekwenda?" aliuliza mzee.

"Imekwenda."

"Basi usipokee. Si umewaandikia kila kitu?"

Mama Mihuri alikaa kwenye kiti, akainuka, akakaa. Halafu akamweleza mumewe habari ya koki. Alieleza akiangalia ukuta. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, mguu umesimama juu ya pedeli.

"Umefanya makusudi."

"Nilitaka wabakishe kitu kimoja cha kunikumbukia."

"Wakukumbukie kwa mbegu zilizooza?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba kiuno kimeongezeka. "Mwenzangu, wewe unataka kwenda kwa mwanao au hutaki?"

"Nataka."

"Mbona umejifungia mlango mwenyewe na ufunguo umeumeza?"

Alijitupia mtandio kichwani, akavaa viatu vya kwanza alivyoviona, ambavyo kimoja kilikuwa cha kuogea, akatoka. Njiani aliiona likizo ikiondoka kwa kila hatua. Alimwona binti yake chumba cha kujifungulia akiangalia mlango. Hatua hazikupungua. Mbegu zile alizibandika majina kwa mkono wake, moja moja. Aliwajua waliozileta, wengine wamekufa. Alipita getini askari akiwa macho, kwa bahati mbaya, akamwambia, "Mama, si umekatazwa?" Akamwambia, "Nimekatazwa kuja. Sijakatazwa kupita."

Korido ya idara ilikuwa tupu. Milango wazi, hakuna mtu. Alikwenda moja kwa moja chumba cha mwisho. Friza ilikuwa imefunguliwa kifuniko juu, na ndani hamna kitu, maji kidogo tu chini yanang'aa.

Akatoka nyuma, kwenye kibanda. Jenereta imefunguliwa tumbo, spana chini, kitambaa kimelowa dizeli, na koki imeelekezwa FUNGUA, kwa utiifu kabisa. Hapo ndipo aliposikia kicheko upande wa pili wa ua.

Kilitoka jengo la Wadudu.

Mlangoni kwao walikuwa wamepanga mstari: wahadhiri wa Mimea, wahadhiri wa Wadudu, mtunza bustani, mratibu wa mitihani, wanapeana maboksi ya barafu mkono kwa mkono, na pakiti za karatasi ya fedha zinang'aa humo. Kipimo alikuwa mbele ya friza ya jua, ameshika kipimajoto, anasoma kwa sauti ya mtu wa msikitini: "Kumi na saba chini ya sifuri. Kumi na saba. Endelea." Mkuu wa Wadudu mwenyewe, mtu mkubwa mwenye sharubu, alikuwa ameshikilia mlango kwa mgongo wake.

"Na daktari wa pili akasema mguu ule usikandwe," alikuwa anamwambia Mkuu wa Mimea. "Mimi nikamwambia mama, si nilikwambia?"

"Pole sana, Profesa. Na sasa anatembea?"

"Anatembea. Jana amekwenda sokoni kunisengenya."

Mkuu wa Mimea aligeuka, akamwona Mama Mihuri amesimama juani na viatu visivyofanana. Mstari mzima ukageuka. Mtunza bustani alificha boksi nyuma, kama mtoto aliyekutwa na sukari, asijue kwa nini anaficha.

"Mama," alisema Mkuu taratibu. "Leo ni Alhamisi."

"Najua."

"Hujafika hapa. Sijakuona."

"Niangalie tu, mwanangu," alisema Mama Mihuri, mbele za watu, bila Daktari. "Nimekuja kusema. Jenereta haina ubaya. Koki imefungwa kinyume, tangu siku ya kwanza. Nilijua, nikaacha kuandika. Makusudi."

Kipimo alishusha kipimajoto. Mratibu wa mitihani alikohoa. Mama Mihuri alisubiri kusemwa, na alikuwa tayari kusemwa, hata mabega alikuwa ameshayaweka vizuri.

Mkuu alimjia, akamshika mkono, akamvuta pembeni penye kivuli cha ukuta.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Mtu aliyeandika ukurasa mzima wa birika hawezi kuimaliza jenereta kwa maneno manne. Nilipanga nikuulize Ijumaa, ukirudi. Umeme haukungoja Ijumaa."

"Kwa hiyo mlifanyaje?"

"Tulihangaika nayo saa nzima. Kipimo akakupigia, nikamnyang'anya simu. Halafu nikarudi kwenye daftari, nikasoma habari ya mguu." Alicheka, machozi yakamlenga. "Dakika ishirini, Mama. Nimesikiliza mguu dakika ishirini. Ile ngazi pia amesema tukaichukue."

"Hayo niliandika kupitisha muda."

"Ndiyo yaliyotuokoa. Koki hata Kipimo angeigundua siku moja akiipima. Lakini nani angejua habari ya mguu?"

Mama Mihuri alitazama ule mstari. Boksi la mwisho lilikuwa linapita, na wale watu aliowajua tangu wana nywele nyeusi walikuwa wanataniana na watu wa Wadudu kana kwamba hiyo miaka sita ilikuwa ya watu wengine. Walikuwa wameshika boksi vibaya, kwa pembe. Lakini lilikuwa linafika.

"Nimevunja zoezi," alisema. "Nimekuja."

"Ulipofika, mbegu zilikuwa zimeshahama. Jaribio la jana limefanyika, ufunguo tulitoa kwenye kiatu cha mvua, mratibu mwenyewe alishangaa. Wewe leo hapa umefanya nini?"

Mama Mihuri alifikiri. "Nimetembea."

"Kutembea hakujakatazwa. Lakini koki utaiandika sasa hivi, kabla sijasaini. Na utamwonyesha Kipimo."

Walikwenda kibandani, watatu. Mama Mihuri alisogea pembeni kwa mara ya kwanza, akamwachia Kipimo nafasi mbele ya mashine, akasema, "FUNGA." Kipimo alimwangalia kwa wasiwasi, akairudishia mashine kifuniko chake, akageuza koki, akavuta kamba. Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanguruma. Kipimo aliinama, akaitazama koki muda mrefu.

"Miaka yote hii," alisema, "mimi nilidhani unaisomea dua."

"Nilikuwa naisomea pia," alisema Mama Mihuri. "Kwa usalama."

Aliandika ukurasa wa koki amesimama, daftari likiwa juu ya tangi la dizeli, kwa mwandiko wake wa duara, na akachora na mshale. Mkuu alisaini fomu ya likizo hapo hapo, akamwomba mihuri. Ufunguo wa droo ulikuwa mahali pake pa siku zote, kwa hiyo Mama Mihuri aligeukia ukuta kidogo, akautoa, akamkabidhi mkononi. Ulikuwa wa moto.

"Mtanikumbuka?" aliuliza, kama anauliza saa.

"Wiki ya kwanza tutajifanya hodari," alisema Mkuu. "Wiki ya pili tutakulilia. Ya tatu nitakuja mwenyewe kumwona mtoto, nikuulize birika linazimwaje."

"Imeandikwa."

"Najua imeandikwa. Nitakuja hivyo hivyo."

Alirudi nyumbani kwa miguu, polepole, kile kiatu cha kuogea kikipiga lami pa, pa. Alipofika kona ya mtaa wake alimpigia binti yake.

"Wamekupa?" binti aliuliza kabla ya salamu.

"Wamenipa. Miezi miwili. Jumapili nasafiri."

Ikasikika sauti ya mtu anayefuta pua. "Hawakusumbua? Wewe si ulisema idara haiwezi kukaa bila wewe?"

"Hawakusumbua hata kidogo," alisema Mama Mihuri. "Hilo ndilo linaloniuma."

Binti yake alianza kucheka, akacheka mpaka akasema basi, Mama, tumbo.

"Cheka polepole," akamwambia, akisukuma mlango wa nyumba. "Huyo mtoto asije akatoka kabla sijafunga mizigo."